Sura ya Tano: Redio Isiyojua Ufunguo

Kwa maneno ya jirani, mshona viatu aliyepakana ukuta na Mzee Ramani, mambo yalikuwa hivi. Alfajiri, giza bado limeshika lakini majogoo wameshaanza ugomvi wao, yeye alikuwa nje kwenye bomba lake akikinga maji, ndoo ya kwanza imejaa, ya pili ndiyo kwanza inaanza kujaa. Akasikia redio ya gari ng'ambo ya ukuta. Ikalia kidogo, ikakatika, stata ikakoroma, injini ikawaka, na redio ikarudi palepale ilipoishia. Akachungulia juu ya ukuta. Gari la mzee, lile kuukuu la kupanda milima ambalo mtaa mzima uliliita Punda, lilikuwa linatoka getini, na kwenye usukani amekaa yule kijana fundi redio, Waya, kofia ameigeuza nyuma mbele. Mwenye gari hakuonekana. Kulipopambazuka, mke wa mzee akamkuta mumewe kifudifudi karibu na geti, damu imemtoka kichwani, na gari halipo.

Hayo jirani aliyasema Jumanne asubuhi mbele ya umati, akayarudia kituoni, na kila alipoyarudia yalizidi kunyooka, kama kiatu kilichokaa kwenye kalibu. Kabla ya adhuhuri Waya alikuwa ameshatolewa kibandani kwake shati likiwa limechanika, na kama si askari kuwahi, kesi ingekuwa ya maiti.

Mpelelezi aliyekabidhiwa jalada lile alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kutembea kana kwamba ardhi ni yake na hana haraka ya kuimaliza. Kituoni walimwita Kobe. Mwanzo walimwita kisirisiri, baadaye mbele yake, na yeye akaitika tu. Alhamisi asubuhi mkuu wa kituo alimwambia kwamba kesho Ijumaa Waya anapanda kizimbani kwa wizi wa gari na kumjeruhi mzee, na kwamba mzee, ambaye tangu alazwe hajafumbua jicho, akikata roho basi shitaka litabadilika jina. Kobe akasema sawa, akachukua jalada, akashuka uani kulikoegeshwa Punda.

Koplo, msaidizi wake, alikuwa ameshafika na furaha yake. Gari lilikutwa Jumatano kichakani nyuma ya machimbo ya mawe, milango imefungwa vizuri, halina ufunguo, na ajabu ni kwamba redio ilikuwa inawaka taa. Haikuwa na sauti, lakini taa inawaka. Koplo ndiye aliyegundua, na alilisimulia jambo hilo kama mtu aliyeokota lulu. Redio iwakayo bila ufunguo, alisema, maana yake fundi alichezea nyaya. Tena kibandani kwa huyo huyo fundi imekutwa redio ya zamani ya gari lile, ile iliyotoka nayo kiwandani, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

"Afande, kesi imeiva," alisema. "Imebaki kupakuliwa."

"Kuna chungu huungua chini na juu bado mbichi," alijibu Kobe. "Nipe ufunguo."

Ufunguo Koplo alikuwa ameuchukua jana kwa mke wa mzee, aliyeufungua kutoka kwenye pindo la nguo yake, maana huko ndiko ulikolala siku zote. Mtaa mzima ulijua habari hiyo. Mzee Ramani alikuwa mpima ardhi, amelizungusha Punda porini nusu ya umri wake, lakini sasa macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwezi uliopita nusura awapitie watoto wa shule wakivuka barabara. Tangu siku hiyo mkewe akaufunga ufunguo pindoni, na gari likawa la kukaa uani.

Kobe hakuketi kwenye usukani. Alipiga magoti kwanza, akachungulia chini yake, mahali ufunguo unapochomekwa. Kifuniko cha plastiki kilikuwa mahali pake, na vichwa vya skrubu vilikuwa na vumbi na kutu ya miaka, hakuna mkwaruzo wa bisibisi. Akamwita Koplo aangalie. Koplo akaangalia, akasema anaona skrubu.

"Zimeguswa?"

"Hazijaguswa."

"Basi aliyeliendesha hili aliliendesha kwa ufunguo. Nyaya za redio zitawasha redio. Injini haziiwashi."

Koplo alikuna shingo. Akasema labda kijana alichonga ufunguo wa pili. Kobe akasema labda, akaendelea.

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na kitambaa ambacho Koplo alikikuta kimetundikwa juu ya redio, kimeifunika. Kitambaa kigumu kigumu, chenye unga wa kijivu. Koplo aliandika kuwa ni vumbi la machimbo, na ilikuwa halali yake kufikiri hivyo, maana gari lilikutwa hapo hapo. Lakini jana alasiri Kobe alikuwa ameikata pembe moja ya kitambaa kile, akailoweka kwenye kisosi cha maji, akaiacha dirishani. Sasa alikitoa kisosi kwenye mfuko wa karatasi. Pembe ile ilikuwa imekauka ngumu, na alipoigonga kwenye bodi ya gari ililia ko, ko.

"Vumbi la mawe ukililowesha linakuwa tope," alisema, "na tope likikauka linarudi kuwa vumbi. Hili limeshikana."

"Saruji," alisema Koplo.

Kobe aliirudisha pembe ile kwenye kisosi. Alimwagiza akamlete Waya.

Kijana aliletwa pingu mkononi, jicho moja limevimba, na alipoliona Punda alilitazama kwanza gari kabla ya watu, kama daktari anavyomtazama mgonjwa wake. Kobe aliagiza pingu zifunguliwe. Koplo akasimama karibu na geti, kwa tahadhari tu.

Maswali ya mwanzo Waya aliyajibu bila shida, na yalikuwa yale yale aliyoyajibu Jumanne. Jumatatu alfajiri alikwenda kwa mzee kabla wateja wengine hawajamzonga. Mke wa mzee mwenyewe alimpa ufunguo. Akaliwasha gari, akalipeleka kibandani, akashinda nalo akiliwekea redio mpya, na jioni akalirudisha na kumkabidhi mama ufunguo mkononi. Redio ya zamani ilikuwa imechoka, inakoroma, na spika moja imekufa. Mzee alimwomba aitunze, huenda siku moja kikapatikana kipuri cha kuifufulia. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu mama alipoulizwa Jumanne alisema hajui, kichwa kinamzunguka, na tangu hapo hajasema neno.

"Hizi nyaya," alisema Kobe. "Nieleze kama unamweleza mama yako."

Waya akaichomoa redio kwa vidole viwili, akaigeuza mgongo juu. Alieleza kwamba redio ya gari huwa na njia mbili za umeme. Waya wa njano hutoka kwenye betri moja kwa moja, na kazi yake ni kuifanya redio isisahau vituo vyake. Waya mwekundu hupita kwenye ufunguo, na huo ndio unaoamuru: ufunguo ukizungushwa redio inaruhusiwa kulia, ukitolewa inanyamaza. Na unapowasha injini, pale stata inapovuta, umeme wa njia ile nyekundu huondolewa kidogo ili stata ipate nguvu yote. Ndiyo maana redio ya gari hukatika injini ikiwashwa, halafu inarudi.

"Na hii?"

Kwenye hii alikuwa ameufunga ule mwekundu pamoja na wa njano. Tepu nyeusi ilikuwa imezungushwa vizuri, kwa mkono wa mtu asiyeharakia wizi.

"Kwa nini?"

 Waya aliirudisha redio kwenye tundu lake polepole, akaipigapiga ikae. Kobe alimsubiri. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi aliyoiweza kuliko zote, na wengi walishamkimbilia wenyewe katika ukimya ule. Koplo huko getini alikohoa.

"Niliahidi," alisema Waya hatimaye.

"Uliyemwahidi hawezi kukutetea, mdogo wangu. Yuko na mipira puani. Kesho wewe ndiye utakayesimama, na hizo nyaya ndizo zitakazosema badala yako."

Kijana akafuta uso kwa mkono wa shati. Akasema mzee alimwambia hivi, na akamwapisha asimwambie mtu wa nyumbani: wameninyang'anya usukani, sawa, macho yamekwenda, lakini redio ya kiwandani hailii bila ufunguo, na kila ninapotaka kukaa ndani ya gari langu nisikilize habari inabidi nikamwombe mke wangu ufunguo kama mtoto anayeomba peremende. Niwekee redio isiyojua ufunguo.

Koplo alikuwa amesogea bila kujitambua.

"Na ukiizima, unaizimaje?" Kobe aliuliza.

Waya akaonyesha kitufe kidogo cha kubonyeza, pembeni, chekundu. Kile kiduara kikubwa cha katikati ni cha sauti tu, alisema. Redio ya zamani ulikuwa unazungusha kiduara kushoto mpaka kinalia tiki, imezima. Hii ukizungusha kushoto sauti inaisha tu, yenyewe ipo macho.

Kobe akamtazama Koplo. Koplo ndiye aliyeikuta redio ile, sauti imeteremshwa mpaka sifuri, taa inawaka, kitambaa kimetupwa juu yake ili taa isionekane. Hakuhitaji kuambiwa. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba aliyekuwa ndani ya gari lile alizungusha, akasubiri tiki, tiki haikuja, na hakujua la kufanya.

"Na huyu kaiweka kwa mikono yake," alisema Kobe. "Angebonyeza tu."

Bado alitaka jambo moja. Alimpa fundi magari wa kituo ufunguo, akamwomba awashe injini wakati redio inalia. Waya akabonyeza kitufe, akapandisha sauti, mtu fulani akawa anasoma bei za mazao. Stata ikakoroma, Punda likatikisika, likawaka, likatoa moshi wake mweusi. Msomaji wa bei hakukatika hata kwenye mahindi. Wakazima, wakawasha tena. Hakukatika.

Kobe aliwaambia wampeleke Waya ndani wampe chai, wamwache bila pingu, kisha akachukua ufunguo akatoka kwa miguu. Koplo akamfuata nyuma, akilalamika kwamba kituo kina pikipiki.

Mtaa ule ulikuwa wa nyumba zilizobanana, kuta zinazogusana, na mteremko mkali kuelekea barabara kubwa. Walimkuta jirani uani kwake, suruali ameikunja mpaka magotini, pipa moja limejaa, la pili liko chini ya bomba. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu na yeye alikuwa na raha ya mtu anayeshinda vita. Aliwakaribisha, akawasukumia kibao wakae, akaomba radhi kwamba hawezi kuliacha bomba, maana maji ya mtaa huu ni kama mjomba mwenye cheo: yakija uyapokee, yakiondoka huyaoni tena mpaka zamu yake.

Kobe alimwambia asijisumbue. Akamwomba asimulie upya. Jirani akasimulia, na lilikuwa ni lile lile: redio, ikakatika, stata, injini, redio ikarudi. Kobe akamuuliza ana hakika ilikatika. Jirani karibu aone anatukanwa. Alisema redio ya Punda anaijua kuliko sauti ya mkewe, miaka yote mzee akiondoka na kurudi porini, ilikuwa inakatika hivyo hivyo, chwaa, halafu inarudi.

"Ninakuamini, baba," alisema Kobe. "Uliisikia. Na Waya ulimwona. Ila redio iliyomo sasa haikatiki, kwa hiyo ninachotafuta ni siku."

"Siku gani tena? Siku ya wizi."

"Ulikuwa wapi ulipochungulia?"

"Hapa hapa. Nilikuwa nakinga maji, nilishakwambia."

"Zamu yenu ya maji ni lini?"

"Jumatatu na Alh..." Mshona viatu akasita. Pipa la pili likajaa likaanza kumwagika, maji yakamfika miguuni, na hakulifunga bomba. Koplo ndiye aliyeinuka akalifunga.

 Kisha jirani akaketi kwenye ukingo wa pipa, suruali ikalowa nyuma, hakujali. Alianza kusema polepole, kama mtu anayefumua mshono alioushona mwenyewe. Jumanne asubuhi alitolewa kitandani na mayowe. Alipofika getini watu walikuwa wamejaa, mzee amelala, na mtu mmoja akauliza nani amemwona aliyetoka na gari. Yeye akasema mimi nimemwona Waya akitoka nalo. Na kweli alikuwa amemwona. Ulimi ulitangulia na akili ikabaki kitandani. Kabla hajavuta pumzi ya pili, watu walishaanza kukimbia kuelekea kwenye kibanda.

"Na baadaye? Hukukumbuka?" Koplo aliuliza.

Alikumbuka, au alikumbuka nusu. Lakini neno limeshatoka, kijana ameshapigwa, na kila mtu anampa mkono kwa ushujaa wake wa kuona. Akajiambia huenda aliliona mara mbili. Mtu mzima, alisema, kumeza matapishi yake mbele ya mtaa si jambo dogo.

"Jumanne alfajiri ulisikia nini?" Kobe aliuliza.

"Sikusikia kitu. Si ndiyo nakwambia, nililala mpaka mayowe. Gari lile likiwashwa mimi siwezi kulala."

Kobe akamshukuru, akamwambia atakuja kituoni mchana kuyaandika upya, na kwamba ni heri aje mwenyewe kabla hajafuatwa. Jirani akaitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye mlango wa uani aliuliza, bila kuinua uso, jicho la Waya linaendeleaje. Kobe akamwambia akija kituoni atalitazama mwenyewe.

Nje, Koplo alitaka kusema mambo mengi kwa mara moja. Kobe alimshika mkono akamsimamisha mbele ya geti la Mzee Ramani. Gari halikuwashwa hapa, alisema. Lilisukumwa, au liliachiwa tu liende lenyewe, na mteremko huu ungelifikisha barabarani bila kumwamsha hata paka. Akaligusa geti. Lilikuwa la chuma, zito, la zamani, na lilifunguka bila kulia. Alipapasa bawaba kwa kidole, akamwonyesha Koplo kidole chenye mafuta mabichi.

Koplo alivitazama kimoja kimoja: kidole, mteremko, ule ufunguo. Kifungua mimba wa mzee, alisema taratibu, si ndiye msimamizi wa ghala la saruji kule nyuma ya machimbo? Yule anayepeleka uji hospitalini kila asubuhi na jioni, anayelia mpaka wauguzi wanamtuliza?

"Nenda ghalani," alisema Kobe. "Usimfunge. Kaa naye tu, mwambie unamsubiri mwenzako. Na kabla hujafika, piga simu kituoni, Waya asipelekwe kokote kesho."

Koplo akaenda, na safari hii hakuulizia pikipiki.

Mke wa mzee alikuwa sebuleni, amekaa chini, anakunja mashuka safi ya kupeleka hospitali. Mwili mnene uliopungua ghafla, ngozi imelegea mikononi. Alimkaribisha Kobe kwa sauti ya kawaida, akamwita mwanangu, akataka kuinuka amletee maji. Kobe akamzuia. Aliketi naye chini, akashika ncha mbili za shuka na mama akashika mbili, wakalikunja pamoja. Walipomaliza lile Kobe akauweka ufunguo juu yake.

"Nimekurudishia, mama."

Mama aliutazama ufunguo. Hakuuchukua.

Kobe alimweleza aliyoyakuta, bila kupandisha sauti na bila kuruka kitu: skrubu zenye kutu, kitambaa cha saruji, redio iliyosubiriwa tiki, geti lililopakwa mafuta, jirani aliyelala mpaka mayowe. Akasema kuna kijana yuko ndani na jicho limevimba. Halafu akachukua shuka jingine.

"Mwanangu si mwizi," alisema mama.

"Sijasema ni mwizi."

Wakakunja shuka. Mama akalipigapiga likae sawa, akalipigapiga tena. Halafu akasema yote, kwa mtiririko, kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani na sasa amepata wa kumtua. Mzee alikuwa anauomba ufunguo kila jioni. Akae tu ndani, asikilize habari. Anampa, na huku amesimama dirishani moyo uko mkononi, asije akawasha akaondoka, akaua watoto wa watu. Kila jioni. Kumnyima hawezi, kumpa hawezi. Akamwambia mwanawe mkubwa, na mwanawe akasema gari liondoke tu, litafutiwe mnunuzi, baba ataambiwa limeibiwa. Atalia, atanyamaza. Usiku wa kuamkia Jumanne alimpa ufunguo. Alfajiri mwanawe akaliachia mteremkoni taa zimezimwa, na alipoliwasha alikuwa mbali. Baadaye akaja kwa miguu, kwa mlango wa nyuma, akamrudishia ufunguo, wala hakujua kitu juu ya baba yake. Alikuwa anatabasamu, alisema mama. Kulipopambazuka mama mwenyewe ndiye aliyekwenda getini kulifunga na kumkuta mzee.

"Alikuwa ametoka na nini? Mzee."

"Na fimbo yake na koti. Sijui alikuwa anakwenda wapi saa ile. Labda alishika mlango gari likimpita. Mtoto anasema hakumwona."

"Mkasema wezi."

"Tulipanga mwizi asiye na uso, mwanangu. Mwizi asiye na uso hafungwi. Jirani ndiye aliyempa uso."

"Na wewe ukauacha."

"Nikauacha," alisema mama.

Kobe hakumlaumu, wala hakumpoza. Alitoa simu, akaongea na mkuu wa kituo maneno machache, akasubiri, akarudia kwamba ndiyo, afunguliwe sasa hivi, si kesho, na apelekwe kwa daktari akaangaliwe jicho. Mama alisikia yote. Akafunga macho, midomo ikacheza.

Kisha Kobe akamweleza jambo ambalo halikuwa la kesi. Alilitafutia maneno kwa muda. Alisema redio mpya ile inalia bila ufunguo. Mzee aliomba iwekwe hivyo, kwa siri, ili asimsumbue tena mke wake jioni. Jumanne ilikuwa ndiyo asubuhi yake ya kwanza. Alitoka na koti na fimbo kwenda kukaa ndani ya gari lake, kusikiliza habari za alfajiri, na hakumwamsha mtu.

Mama hakulia. Alikaa tu, mikono imelala mapajani viganja vikitazama juu. Nje, maji ya mtaa yalikuwa bado yanatoka, ndoo zinagongana, mtu anamwita mtu aje apokee zamu.

"Hakutaka ufunguo," alisema mwishowe.

"Hakuutaka."

Mama akajiinua kwa taabu, akatia mashuka kwenye mfuko, akavaa viatu. Ufunguo uliodondoka sakafuni aliuacha. Kobe ndiye aliyeuokota, kwa kuwa sasa ulikuwa kielelezo, akauingiza kwenye bahasha. Wakatoka pamoja. Kobe aliuchukua mfuko wa mashuka akaubeba yeye, wakapita kwenye lile geti lisilolia, wakaanza kuteremka, mpelelezi akipunguza hatua zake, ambazo zilikuwa fupi tangu hapo, zilingane na za mama.

Nusu ya mteremko mama alisimama kupumzika, akashika ukuta.

"Mimi nitakuja kituoni," alisema. "Na mtoto atakuja, nitamwambia mwenyewe. Yaandikeni yote. Ila mzee akizinduka, mwanangu, atauliza. Mwambieni mtoto alichukua. Mwambieni lolote. Usimwambie ufunguo nilimpa mimi."

Kobe alibadili mfuko, mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kulia kwao lori la maji lilikuwa linapanda, likiunguruma, na walijibanza ukutani wote wawili kulipisha. Lilipopita mama alikuwa bado anamtazama usoni.

"Umenisikia?"

Kobe akamnyooshea mkono ashike, maana mbele njia ilikuwa na utelezi.